Tiketi za kukwangua huku Marekani: hivi keshia anaweza kujua ipi ina hela kabla hajakuuzia?

kijana_wa_Lowell

Wakuu habari zenu, nipo Lowell, Massachusetts. Nauliza hapa kwa sababu najua humu kuna watu wamekaa kaunta za maduka na sheli huku Marekani na wanazijua hizi mashine kwa ndani.

Mimi nacheza tiketi za bahati nasibu za kukwangua. Nikitoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi napita sheli moja njiani nachukua ya dola 5 au ya 10, mshahara ukiingia nachukua ya 20, nakwangua, nalala. Kukosa sijawahi kulalamikia, kukosa ndo mchezo wenyewe. Kinachoninyima usingizi ni mambo ninayoyaona pale dukani.

Keshia wa asubuhi mara nyingi nikiingia namkuta anakwangua tiketi za hapohapo dukani, anachomoa kwenye boksi, akikosa anachomoa nyingine, afu mteja akija anauziwa inayofuata. Sasa najiuliza, huyu anacheza kama mimi au kuna kitu anakifuata? Halafu wiki iliyopita nilinunua ya dola 10, nimefika kwenye gari nikawasha taa ya ndani nikaona pale chini kwenye ule utando wa kijivu kuna mkwaruzo mwembamba kama umepitishwa pini, haufiki sentimita moja, na ndani yake unaona weusi kabisa, vile vimistari vya bakodi. Sehemu nyingine yote utando mzima haujaguswa. Hiyo tiketi sikuikwangua, nimeiweka.

Lakini ya juzi ndo imenichosha. Nilikuwa na tiketi ya fumbo la maneno, zile zenye herufi nyingi, nimeshaikwangua yote lakini macho yamechoka sijiamini kama nimehesabu sawa, nikampa aipitishe kwenye mashine. Akaipitisha, akasema hakuna kitu, akaichana palepale akaitupa kwenye ndoo iliyo upande wake chini ya kaunta. Nikamwambia nirudishie tiketi yangu. Ananijibu si nimeshakwambia imekosa? Nikamwambia hata kama, ni yangu. Akainama akachakura akanipa vipande vya tiketi ambayo siyo ile, kwa sababu ya kwangu nilikuwa nazungushia herufi kwa kalamu ya bluu na hiyo aliyonipa haina alama hata moja. Nikabishana naye, foleni ikaanza kujaa nyuma yangu, watu wanataka kahawa zao waende kazini, nikaondoka na hasira.

Nyumbani ukinunua vocha ukakuta imeshakwanguliwa unairudisha palepale na muuzaji anakupa nyingine, hamna mjadala. Huku sijui utaratibu ukoje. Je keshia anaweza kuijua tiketi yenye hela? Na hiyo iliyoenda kwenye ndoo ndo basi tena, au kuna sehemu naweza kudai?

MamaTumaini

Pole sana mdogo wangu. Mimi nipo Worcester, mume wangu anacheza hizo hizo na tangu zamani sheria ya nyumba hii ni kwamba tiketi haitoki mkononi kabla haijaandikwa jina nyuma. Pale nyuma kuna sehemu ya jina na sahihi, ijaze kwa kalamu kabla hujampa mtu yeyote, hata kama unadhani imekosa. Ikiwa na jina lako mwingine hawezi kwenda kuidai kirahisi.

Na hiyo sheli achana nayo, maduka yamejaa Lowell. Ila kulalamika lalamika, usiache, leo kwako kesho kwa bibi wa watu ambaye hata hajui aulize nini.

mzee_wa_kaunta

Mkuu pole. Nimekaa kaunta ya sheli hapa Texas miaka ya kutosha kabla sijahamia kwenye malori, ngoja nikueleze ninavyoijua hiyo kazi. Majimbo yanatofautiana kidogo lakini mfumo unafanana.

Tiketi zinakuja dukani kwa vitabu vilivyofungwa kwenye plastiki. Kila kitabu kina namba yake na kila tiketi ndani ya kitabu ina namba yake. Kabla hakijaanza kuuzwa lazima kiwashwe kwenye mashine ya Lottery, yaani shirika la bahati nasibu la jimbo, kisipowashwa hata tiketi yake ikishinda mashine haitalipa, na hiyo ni kinga dhidi ya watu wanaovunja maduka usiku na kubeba maboksi. Maana yake makao makuu wanajua kitabu fulani kipo duka fulani. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Ile bakodi unayoiona nje, ambayo haijafunikwa, ni ya utambulisho tu. Inasema mchezo gani, kitabu kipi, tiketi ya ngapi. Haisemi imeshinda au imekosa, keshia anaweza kuipitisha kwenye skana mpaka kesho haambulii kitu. La ushindi lipo chini ya utando, kuna namba na bakodi nyingine ndogo ambayo mpaka uikwangue ndo isomeke. Na hata hiyo yenyewe haina jibu ndani yake, jibu lipo kwenye kompyuta ya makao makuu, mashine ya dukani inauliza na kujibiwa.

Zamani ilikuwa rahisi zaidi kuiba. Tiketi za enzi zile zilikuwa na vijiherufi vitatu vimetawanywa katikati ya namba chini ya utando, vya kumsaidia muuzaji ajue kiasi cha kulipa, mfano T W O ni dola mbili, F I V ni dola tano. Mtu mwenye pini na subira anajua pa kuchokonoa, akizipata herufi tatu ameshajua thamani ya tiketi bila kuikwangua. Wakaja kubadilisha kwa ajili hiyo.

Sasa pini haijaisha, imehamia kwenye bakodi ya ndani. Mwizi anakwaruza padogo kabisa, panapomtosha kusoma, anapitisha kwenye mashine, ikiwa na hela anajinunulia mwenyewe, ikiwa haina anairudisha kwenye boksi na wewe unauziwa tiketi iliyokufa. Kwahiyo huo mkwaruzo ulioona usiuchukulie poa. Ila nikwambie na upande wa pili ili usimuonee mtu: maboksi ya plastiki nayo yanakwaruza, tiketi zinasuguana zikivutwa. Mikwaruzo ya boksi inakuwa mirefu, imekaa ovyo ovyo, na ukiangalia tiketi ya mbele na ya nyuma yake unaikuta pia. Wa pini unakuwa mfupi na unakaa palepale penye bakodi ya siri, sehemu nyingine safi. Wewe ulivyoeleza, mimi hainipi raha hata kidogo.

Kuhusu keshia kukwangua akiwa kazini, majimbo mengi hayamkatazi mfanyakazi wa duka kucheza, wenye maduka ndo wanaweka masharti yao. Anachokifuata ni hiki. Kila kitabu kinapangwa kiwe na kiasi fulani cha zawadi ndogo ndogo, za dola 5, 10, 20 na kadhalika, ili kila duka lipate washindi na watu waendelee kucheza. Zile kubwa hazipangwi hivyo, zimetawanywa kwenye mamilioni ya tiketi za mchezo mzima na hakuna keshia anayejua zilipo. Lakini keshia anakaa pale masaa nane, anaona wateja wanne watano wamechukua kutoka kitabu kimoja, wamekwangua palepale juu ya kaunta, wote wamekosa, anajua zile ndogo bado zimo mbele. Anachomoa. Hajasoma tiketi ila ana taarifa ambayo wewe uliyeingia sasa hivi huna. Kwangu mimi hiyo siyo haki kwa mteja hata kama siyo kosa la jinai, na nilipokuwa kaunta bosi wangu alitukataza kabisa kucheza kitabu cha duka letu. Wengine wanafanya vibaya zaidi, wanachomoa bila kulipa, wakipata wanalipia kwa hela ya ushindi, wakikosa hesabu ya jioni haifungi na wanaanza kusingiziana.

Sasa hilo la ndoo ndo kubwa kuliko yote na hapo ndo ukaze. Watu wanapoibiwa hela ya maana ni pale wanapokabidhi tiketi ikaguliwe. Keshia anakwambia imekosa, au anakwambia umepata dola 20 kumbe ni 200, anakupa ishirini yako unashukuru unaondoka, jioni anajilipa iliyobaki. Tiketi yoyote unayoikabidhi lazima irudi mkononi mwako, iwe imeshinda au imekosa. Akiichana kabla hajakurudishia, kashakosea.

Na usikate tamaa kwamba imeshaenda. Kila tiketi ikipitishwa kwenye mashine, kompyuta ya makao makuu inaandika: tiketi ipi, duka lipi, saa ngapi, jibu lilikuwa nini. Nilisema nitalirudia: kitabu kinajulikana kipo wapi. Ukiwapa jina la duka, jina la mchezo, siku na saa ulipokuwa kaunta, wana pa kuanzia. Kama una tiketi nyingine uliyonunua siku hiyo kutoka kitabu hicho hicho, namba ya kitabu ipo juu yake, hapo umewarahisishia kazi kabisa. Na kamera za sheli zinafuta baada ya muda, kwahiyo usikae.

dada_wa_Scarborough

Naomba niongezee kutoka huku Ontario, Kanada, maana haya mambo yalitingisha nchi nzima na yameandikwa, asije mtu akasema ni hasira za waliokosa.

Mwaka 2001 mzee mmoja anaitwa Bob Edmonds, alikuwa na miaka zaidi ya 70 wakati huo, anaishi kijiji kinaitwa Coboconk kaskazini mashariki ya Toronto, alipeleka tiketi yake dukani ikaguliwe. Alikuwa ameshinda dola 250,000 za Kanada kwenye droo ya nyongeza inayoitwa Encore. Hakuambiwa. Baadaye mwenye duka ndo akaenda kudai hizo hela kama mshindi, akalipwa. Mzee akaja kushtuka alipoona habari ya washindi. Shirika la bahati nasibu la jimbo, OLG, badala ya kusimama na yule mzee likapambana naye mahakamani miaka kadhaa, mpaka 2005 likamlipa dola 200,000 kwa makubaliano na kumtaka anyamaze. Yaani umeibiwa, na aliyetakiwa kukulinda anakuwekea mawakili.

Oktoba 2006 kipindi cha CBC, televisheni ya taifa ya Kanada, kinaitwa The Fifth Estate kikaitoa hadharani. Walimchukua mtaalamu wa takwimu wa University of Toronto, Jeffrey Rosenthal, wakampa hesabu za washindi. Akakuta katika miaka saba wauza tiketi walikuwa wameshinda zawadi kubwa karibu 200, wakati kwa idadi yao na kwa wanavyocheza ilitakiwa iwe kama 57. Bahati ya namna hiyo haipo. Machi 2007 Ombudsman wa Ontario, yaani afisa anayechunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali, André Marin, akatoa ripoti kali kwamba OLG walikuwa wanajua kuna wauzaji wanaiba na walifumba macho. Mzee Edmonds alifariki muda mfupi baada ya hapo, Aprili 2007. Aliishi kuona ameaminiwa, namshukuru Mungu kwa hilo.

Na kuna nyingine nzito zaidi. Tiketi ya droo ya Super 7 ya mwisho wa 2003, ya dola milioni 12.5, ilidaiwa na mtu mwenye undugu na wenye duka la tiketi huko Burlington. Uchunguzi ukarudiwa miaka baadaye, ikaonekana ile tiketi ilitokana na tiketi za bure walizokuwa wameshinda vibarua wa ujenzi, dukani hawakupewa. Mwaka 2011 wale mafundi wakalipwa hela yao pamoja na riba, karibu dola milioni 15. Miaka saba walikuwa wanaamka asubuhi kwenda kubeba zege huku mtu mwingine anatumia utajiri wao. Mimi hiyo habari nikiikumbuka naumia hata sasa.

Ndo maana leo ukiingia dukani huku kuna mambo yafuatayo hayana mjadala: skrini ya mashine inamtazama mteja siyo muuzaji, tiketi ikishinda mashine inapiga muziki unaosikika duka zima, muuzaji hatakiwi kukagua tiketi isiyo na sahihi, na kuna mashine ya kujikagulia mwenyewe ukutani. Hayo yote yaliletwa na kelele za watu kama yule mzee aliyekataa kukaa kimya. Kwahiyo kaka yangu wa Lowell, foleni ikijaa nyuma yako acha ijae.

Kuhusu kujua tiketi kabla ya kukwangua, hata hilo limewahi kutokea bila pini. Mwaka 2003 hapa Toronto mtaalamu wa takwimu za miamba, Mohan Srivastava, aligundua kwamba kwenye tiketi moja ya kukwangua ya tiktakto zile namba zilizoandikwa nje, ambazo hazijafunikwa, zilikuwa zinasema siri. Unaangalia namba ambayo imetokea mara moja tu kwenye tiketi nzima, zikikaa tatu kwenye mstari mmoja, tiketi hiyo uwezekano mkubwa imeshinda. Alikuwa anapatia kwa asilimia kama 90. Hakuenda kununua maduka yote, aliwapelekea OLG ushahidi na mchezo ukaondolewa sokoni. Sasa fikiria keshia mjanja angelijua hilo kabla yake, anazo tiketi zote mbele ya macho siku nzima, anachagua zenye hela anawaachia wateja makapi.

hesabu_kwanza

Nawaheshimu wote ila naona tunakimbilia wizi kabla ya hesabu. Nyuma ya tiketi wameandika nafasi ya kushinda, mfano moja kati ya nne. Watu wanasoma wanaelewa kila tiketi nne moja inaleta faida. Humo ndani wamehesabu na zile zinazokurudishia hela yako ileile uliyonunulia. Ukitoa hizo, ushindi wa kweli ni mwembamba sana. Hapo hajakuibia keshia, mchezo umepangwa hivyo na umeandikwa. Massachusetts ndo jimbo lililoanzisha hizi tiketi mwaka 1974, na mpaka leo ndo linaongoza Marekani kwa hela ambayo kila mkazi anatumia kwenye bahati nasibu, mpaka wana tiketi ya dola 50. Hela hiyo yote haitoki kwa makeshia, inatoka mifukoni mwenu.

Na kuna jambo ambalo ni halali lakini mimi naliona ni baya kuliko pini. Tiketi zinaendelea kuuzwa wakati zawadi kubwa imeshachukuliwa. Virginia mwaka 2007 profesa wa biashara anaitwa Scott Hoover alinunua tiketi ya dola 5 yenye zawadi ya juu ya dola 75,000, akaja kujua ile zawadi ya mwisho ilishatoka mwezi mmoja kabla hajanunua. Akaenda mahakamani. Siku hizi Lottery za majimbo zinaweka kwenye tovuti zao orodha ya zawadi zilizobaki kwa kila mchezo. Kabla hujanunua angalia hiyo orodha, inachukua dakika moja. Ukikuta kubwa zote zimeenda, hiyo tiketi ya nini?

Kwahiyo ushauri wangu mleta uzi, pini moja na keshia mkorofi mmoja siyo ushahidi wa kwamba umekuwa unaibiwa muda wote huo. Hizo zilizokosa zilikuwa zikose.

kijana_wa_Lowell

Mkuu hesabu nimekuelewa na hiyo ya zawadi zilizobaki sikuwa naifuatilia, nitaanza. Lakini soma tena nilichoandika. Sijasema nimeibiwa tiketi zote. Nimesema tiketi yangu iliingia chini ya kaunta ikiwa na alama zangu na iliyotoka siyo hiyo. Kama ilikuwa imekosa kweli, kunirudishia kulikuwa na ugumu gani? Mtu asiye na cha kuficha anakurudishia karatasi yako. Inaweza ikawa ilikosa, inaweza ikawa ilikuwa na dola 10, siyo kiasi, mimi nimelipa na nina haki ya kujua.

Mzee wa kaunta na dada wa Scarborough asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Ya wale mafundi wa ujenzi imenigusa, mimi pia ni mtu wa shifti.

Mpemba_wa_Boston

Ndugu yangu mimi nataka nikuonye jambo jingine ambalo lipo hapahapa kwetu Massachusetts na watu wetu wanaingizwa bila kujua.

Ukishinda zaidi ya kiwango kilichowekwa (kwa miaka mingi kilikuwa dola 600) duka haliwezi kukulipa, inabidi uidai Lottery wenyewe kwa kitambulisho na namba yako ya kodi, wanakuandikia fomu, na kama unadaiwa kodi za nyuma au matunzo ya mtoto wanakata hapohapo. Sasa wapo watu wanaogopa hayo. Mwenye duka anakwambia usihangaike, mimi nina mtu atakupa keshi leo, pungufu kidogo. Unampa tiketi ya dola 1,000 anakupa 800 au 900, yule mtu anakwenda kuidai kwa jina lake.

Hilo ni kosa la shirikisho. Desemba 2022 mahakama ya hapa Boston iliwatia hatiani baba na mwanawe wa Watertown kwa biashara hiyohiyo. Walikuwa wamedai tiketi zaidi ya 14,000, zaidi ya dola milioni 20, kwenye kodi wanaandika hasara za kamari ili wasilipe. Mwaka 2023 baba akapewa miaka 5, kijana miezi 50. Na wenye maduka ndo walikuwa madalali wa katikati, waendesha mashtaka walisema maduka zaidi ya 40 yalikuwa yananyang'anywa au kusimamishiwa leseni ya kuuza tiketi. Kwahiyo duka ambalo keshia wake anaipenda sana tiketi yako kuliko wewe mwenyewe, mimi ningetaka kujua inakwenda wapi.

Na hata kama huna shida ya kodi, usikubali. Asiye mkazi kikodi anakatwa asilimia 30, sawa, inauma, lakini inayobaki ni yako kwa jina lako na hakuna atakayekugongea mlango.

Nuru_DSM

Samahani jamani mimi nipo Dar, nina mdogo wangu yupo huko na anacheza pia. Hiyo ya kujikagulia mwenyewe inafanyikaje, ni lazima dukani?

MamaTumaini

Siyo lazima mwanangu. Massachusetts Lottery wana aplikesheni yao ya simu, unakwangua ile bakodi ya ndani unaielekezea kamera inakwambia imeshinda kiasi gani au imekosa. Aipakue ile rasmi, asitafute tafute za mitaani. Na kwenye maduka mengi kuna kijimashine kimekaa upande wa mteja, anaweka mwenyewe. Akishajua jibu ndo aende kaunta, hapo keshia akimwambia vingine anajua pa kumshika.

kijana_wa_Lowell

Wakuu mrejesho mfupi. Leo nimepiga simu Lottery, nimeongea na mama mmoja ambaye kwa kweli alinisikiliza. Ameniuliza mambo yaleyale aliyosema mzee wa kaunta: duka, mchezo, siku, saa. Saa ninayo kwa sababu nililipa mafuta kwa kadi dakika chache kabla, ipo kwenye risiti. Ameniuliza pia kama nina tiketi nyingine ya duka hilo, nikamwambia kuhusu ile yenye mkwaruzo, hapo akanyamaza kidogo akaniambia nisiiguse na nisiirudishe dukani kwa sababu yoyote, watu wao wa uchunguzi watanitafuta.

Asubuhi nimepita nje ya ile sheli, sijaingia. Keshia ni yuleyule.

mzee_wa_kaunta

Safi sana. Iweke kwenye bahasha, usiikunje, usiipige jua kwenye dashibodi ya gari. Piga picha mbele na nyuma kwa mwanga mzuri, ule mkwaruzo uonekane vizuri pamoja na namba ya kitabu. Picha usizitupie humu wala kwenye magrupu ya WhatsApp, mwenye duka asije akajua unachofuatilia kabla wachunguzi hawajafika kwenye kamera zake. Na usiende kugombana na huyo kijana wa kaunta, inawezekana ni yeye, inawezekana ni wa shifti nyingine, waache wenye kumbukumbu za mashine watafute.

Wakikuomba uwakabidhi tiketi, wakuandikie risiti ya kuipokea yenye namba yake.

kijana_wa_Lowell

Sawa mkuu. Ipo kwenye bahasha na jina langu nimeshaandika nyuma. Jumatatu sina shifti, wakinipigia naipeleka mwenyewe. Mwenye kujua ofisi yao ya karibu na Lowell ambayo ina paking anitumie inbox.